Kuabudu kwa Moto, Kuzika kwa Moto: Tafakuri ya Mtu wa Bariadi juu ya Ishara za Ibada ya Wahindu

1. Utangulizi

Moto hauna sifa njema katika Kiswahili. Methali isemayo kuwa moto huzaa jivu hutumiwa kumsuta mwana dhaifu wa baba hodari. Jina hilohilo likitiwa kiambishi cha mahali likawa motoni, hugeuka kuwa makazi ya adhabu, kwa Mwislamu na kwa Mkristo vilevile. Kitenzi kuchoma nacho hutumika kwa takataka, kwa msitu na, katika miji yetu, kwa mwizi aliyeangukia mikononi mwa umati. Ua, kwa upande wake, lina bahati njema: ni mpenzi, ni mwari, ni binti wa nyumba, ni pambo la usemi. Washairi wetu wamelilea kwa karne nyingi, na msikilizaji hahitaji kuelezwa maana yake.

Lugha yenye urithi wa namna hii inapokutana na ibada ambayo ndani yake moto na ua hupelekwa mbele ya Mungu juu ya sinia moja, hulazimika kuchagua maneno. Maneno yaliyozoeleka kwetu ni kwamba Wahindu huabudu moto na kwamba wao huchoma maiti wao. Nia ya insha hii ni kuonyesha kuwa maneno hayo hayatoshelezi, na kwamba upungufu wake si wa msamiati tu bali pia ni wa sarufi: kinachokosekana ni kihusishi kimoja kidogo, yaani kwa. Sitaijadili hoja hii kwa vitabu peke yake. Nitaijadili kwa kuangalia mahali nilipozaliwa, Bariadi, ambako watu waliotoka Gujarat waliishi na Wasukuma ukuta kwa ukuta, na ambako mtu mmoja asiye na elimu ya isimu aliwahi kulitatua tatizo hili kwa sentensi moja.

2. Wahindu katika nchi ya pamba

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na kabla ya mikoa hiyo kuwako ilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa. Jina la mkoa limetokana na Mto Simiyu, unaotoka upande wa Serengeti na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Speke. Nchi yenyewe ni ya ng'ombe na pamba. Katika miongo ya hivi karibuni mkoa huu umekuwa ukiongoza nchini kwa kilimo cha pamba.

Ni pamba iliyowaleta majirani zetu. Reli ya kutoka Tabora, inayopitia Malampaka katika Wilaya ya Maswa, ilifika Mwanza mwaka 1928, na katika enzi hizo za ukoloni wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi walienea vijijini na katika vituo vidogo wakinunua pamba, wakiuza kaniki, chumvi na mafuta ya taa, na wengine wakimiliki vinu vya kuchambulia pamba. Miaka ya 1950 vyama vya ushirika vya wakulima vikashika ununuzi huo. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho lililojulikana kwa kifupi kama VFCU, lililohusishwa sana na jina la Paul Bomani. Likafuata Azimio la Arusha la 1967, na mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka, nyingine zikabaki. Biashara ya pamba ilipofunguliwa tena kwa watu binafsi mwaka 1994, vinu vipya vilijengwa, lakini ule ujirani wa duka na boma ulikuwa umekwisha kupungua.

Historia hii inahusu isimu moja kwa moja, kwa sababu Kiswahili kiliwapa majirani hao majina kwa namna kilivyowaona. Mhindi lilikuwa jina la wote waliotoka Bara Hindi, awe Khoja anayesali jamatini au Mpateli anayewasha taa mbele ya sanamu. Singasinga mwenye kilemba aliitwa Kalasinga. Baniani, jina la mfanyabiashara Mhindu, liliingia katika methali iliyo maarufu kuliko zote zinazomhusu: Baniani mbaya kiatu chake dawa. Methali hiyo inakiri kuwa tunamhitaji mtu tusiyempenda, lakini inamwona kwa kiatu chake tu, yaani kwa bidhaa zake. Neno Mhindu, lenye kumtaja mtu kwa imani yake, halikusikika sana katika mazungumzo ya sokoni. Tulijua bei zao kuliko sala zao.

3. Utambi

Ibada ya kwanza ya Kihindu niliyoiona haikuwa ya hekaluni. Ilikuwa ya chumba cha nyuma ya duka, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nilipokuwa nikitumwa na mama kupeleka maziwa kila siku jioni. Mke wa mwenye duka aliyapokea maziwa yale, mengine akayapika, mengine akayafanya samli. Mara nyingi nilimkuta ameketi juu ya kigoda akisokota tambi kwa viganja vyake. Pamba aliyoitumia aliichagua mwenyewe kutoka katika mafungu ya wakulima. Kila mkulima wa kwetu anajua kuwa pamba ina madaraja mawili: ile iliyo nyeupe, kavu, isiyo na majani wala madoa huitwa safi, na ile iliyochafuka huitwa fifi. Siku moja mama alikwenda naye dukani akamwuliza kwa nini anachambua pamba kwa uangalifu kiasi hicho ilhali ni ya kuunguzwa tu. Mama yule alimjibu kwa Kiswahili chake cha dukani: "Mama, Mungu hapana pewa fifi."

Jioni ilipoingia, utambi ule ulichovywa katika samli, ukawekwa katika kijitaa cha shaba na kuwashwa. Taa ile ilizungushwa polepole mbele ya picha na sanamu ndogo, kwa kufuata mwelekeo wa saa, huku kengele ikilia. Baadaye ilipitishwa kwa waliokuwamo. Kila mmoja alipitisha viganja juu ya mwali na kuvipeleka machoni na utosini. Ibada hiyo huitwa arati, na nilipokuja kuiona hekaluni Mwanza, na miaka mingi baadaye katika mahekalu ya Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, ilikuwa ileile, ila taa zilikuwa na tambi nyingi zaidi, aghalabu tano, na sauti za watu zilikuwa nyingi.

Tukiichunguza ibada hii kwa macho ya elimu ya ishara, tunaona hatua tatu. Kwanza, mwali huangaza uso wa sanamu. Mwenye kuabudu anaonana na Mungu wake kwa nuru aliyoileta yeye mwenyewe. Pili, mwali unapozungushwa huwa sadaka: samli, pamba na kazi ya mikono vinamalizika mbele ya anayepewa. Tatu, mwali hurudishwa kwa watu ukiwa umebeba baraka, na wao huupokea kwa viganja bila kuushika. Katika hatua zote tatu moto ni njia. Unaipeleka ibada na kuirudisha. Sentensi inayoeleza jambo hili kwa usahihi ni kuwa watu wale wanaabudu kwa moto. Tukisema wanaabudu moto, tumekifanya chombo kuwa shamirisho, na kwa kufuta silabi moja tumebadilisha dini ya jirani.

Haifai, hata hivyo, kurekebisha upungufu mmoja kwa kuleta mwingine. Moto katika dini hii si chombo kikavu kama kijiko. Rigveda, mkusanyo wa kale kuliko maandiko mengine yote ya Kihindu, hufunguliwa kwa utenzi wa kumsifu Agni, na neno la kwanza kabisa la utenzi huo ni jina lake. Agni ni moto na ni mungu. Ni kinywa ambacho kwacho miungu hupokea sadaka. Ni kuhani wa nyumbani na mgeni wa kila siku. Katika arusi yeye ni shahidi: bwana na bibi arusi huuzunguka moto, mara nne kwa desturi ya Wagujarati, na ndoa iliyofungwa mbele yake imekwisha kushuhudiwa. Kwa hiyo msomi anayesema kuwa moto wa Wahindu ni alama tupu anakosea kama yule anayesema kuwa ndio Mungu wao. Mjumbe huheshimiwa kwa ajili ya anayemtuma, na huheshimiwa pia kwa nafsi yake. Kihusishi kwa kinaweza kubeba maana zote mbili, kwani katika Kiswahili twasema "nimekuja kwa gari" na twasema pia "nimekuja kwa baba": kwa cha kwanza ni cha chombo, cha pili ni cha mwenyeji.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na neno la tayari, Majusi, kwa maana ya mtu aabuduye moto, nalo limo hata katika Biblia ya Kiswahili kama jina la wale mamajusi waliotoka mashariki. Neno hilo liliwahusu hasa wafuasi wa Zoroasta. Unguja waliishi Waparsi wachache waliokuwa na hekalu lao la moto. Hao nao hukana kuwa wanauabudu moto. Husema kuwa wanasali mbele yake. Inaonekana kuwa kila lugha iliyozaliwa karibu na jangwa la Arabuni imerithi wasiwasi juu ya mtu anayesimama kimya mbele ya mwali, na Kiswahili kiliupokea wasiwasi huo pamoja na neno lenyewe.

Msukuma wa bara hakuwa na sababu ya kurithi wasiwasi huo. Alikuwa na shikome, moto wa jioni uwanjani mwa boma, ambako wazee na vijana wa kiume walikaa, hadithi zikasimuliwa, kesi ndogo zikaamuliwa na adabu ikafundishwa. Hakuna aliyeuabudu moto wa shikome, lakini pia hakuna aliyeutemea mate. Alikuwa na moto wa masalia pia: kila mwaka baada ya mavuno, mkulima hutakiwa ang'oe miti ya pamba na kuichoma ili wadudu wasivuke kuingia katika msimu mpya. Na usiku alikuwa na koroboi, kibatari cha bati chenye utambi wa pamba ileile. Moto unaokusanya watu, moto unaosafisha na moto unaoonyesha uso ulikuwamo katika kila boma. Kilichokosekana kilikuwa ni njia ya kulisema hilo kwa mwenye duka.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa. Taa ile ya chumba cha nyuma ilikuwa taa ya Bariadi. Samli yake ilitoka kwa ng'ombe wetu na utambi wake ulitoka katika mashamba yetu. Diwali, sikukuu ya taa, huangukia kati ya Oktoba na Novemba, wakati ambapo masalia yamekwisha kuchomwa, mvua za kwanza zinatazamiwa na mbegu za pamba zinakaribia kutiwa ardhini. Safu za taa zilizowekwa barazani usiku ule ziliwaka kwa jasho la majirani wasiozijua maana zake.

4. Maua

Kama moto ulihitaji kutetewa, maua hayakuhitaji. Hata hivyo ni rahisi kuyaelewa visivyo, kwa kuyadhania kuwa ni mapambo. Katika ibada ya Kihindu iitwayo puja, ua ni sadaka yenye masharti. Huchumwa likiwa bichi. Lililoanguka chini aghalabu halitumiki. Halinuswi kabla ya kutolewa, kwa maana harufu yake ya kwanza ni ya Mungu. Kila uungu una mapendeleo yake: Ganesh hupewa maua mekundu na aina ya nyasi, Shiva hupewa majani ya mti uitwao bilva, na Vishnu hupewa tulasi, mmea wa jamii moja na mrehani na kivumbasi chetu. Bhagavad Gita, katika sura ya 9, hutaja vitu vinne ambavyo hata maskini anaweza kuvitoa kwa moyo: jani, ua, tunda na maji. Wapo hata wanaisimu waliodai kuwa neno puja lenyewe lina asili ya neno la lugha za Kidravidi lenye maana ya ua, ingawa rai hiyo haijakubaliwa na wote.

Masharti yanayofuata baada ya ibada yana uzito uleule. Ua lililokwisha kutolewa halirudiwi kesho. Huondolewa, lakini halitupwi jaani wala halikanyagwi. Huwekwa chini ya mti au hupelekwa kwenye maji yaendayo. Nilipokuwa mwanafunzi Mwanza, nilipenda kupita karibu na hekalu asubuhi, wakati makoja ya jana yalipokuwa yakikusanywa kapuni, rangi ya manjano na ya chungwa zikiwa zimefifia. Mtu aliyeyakusanya aliyashika kama mtu anayemhamisha mgonjwa.

Pwani inalifahamu jambo linalokaribiana na hili. Kikuba cha asumini na mrehani hufungwa jioni, huvaliwa usiku mmoja, na thamani yake ni kwamba asubuhi kimenyauka. Bara nako, Wasukuma wa leo wanalo neno bulabo, lenye maana ya maua, ambalo limekuwa jina la sikukuu. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefanya kazi Bujora, karibu na Mwanza, anakumbukwa kwa kuikaribisha ngoma ya Wasukuma katika maisha ya Kanisa. Na sherehe ya Ekaristi, ambayo maandamano yake yalipambwa kwa maua, ikaambatana na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu na kuitwa Bulabo. Msukuma aliyetandaza maua mbele ya Ekaristi mwezi Juni alikuwa na ufunguo wa kuelewa kwa nini jirani yake aliweka maua mbele ya sanamu. Kilichowatenganisha ni imani juu ya nani anapewa. Tendo la kutoa lilikuwa la namna moja.

Lakini kwa nini ua na moto viende pamoja? Nimelitafakari swali hili kwa kuangalia ua ambalo halipelekwi hekaluni, ua la pamba. Mnamo mwezi wa Februari mashamba ya Simiyu huchanua. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa jeupe kama maziwa. Kesho yake huwa limegeuka waridi. Kisha hunyauka na kudondoka, likiacha kitumba kidogo kijani ambacho baada ya wiki kadhaa kitapasuka na kutoa pamba. Mkulima haliangalii sana ua hilo. Yeye huhesabu vitumba. Mwenye kuabudu anatazama upande wa pili. Anachukua ua kabla halijawa tunda, na anachukua pamba, ambayo ni mwisho wa ua, akaifanya utambi. Kwenye sinia moja hukutana mwanzo wa mmea na mwisho wake, na vyote viwili huisha usiku uleule.

Ninaona hapa ndipo ilipo maana ya ndani ya ishara hizi mbili. Mwali na ua ni vitu visivyowekeka akiba. Mchele huwekwa, fedha huwekwa, nguo huwekwa. Mwali wa jana haupo, na ua la jana si ua tena. Ndiyo sababu kafuri nayo hupendwa katika arati, kwa kuwa huungua yote pasipo kuacha jivu, na waalimu wa dini hiyo huifananisha na nafsi inayojimaliza mbele ya Mungu bila kubakisha kiburi. Kafuri hiyohiyo pwani huitwa karafuu maiti, kwa kuwa hutumiwa katika kuwaandaa wafu kwa maziko. Jina hilo la Kiswahili linaijua kafuri kama kitu cha kuagia, na katika hekalu pia, kwa namna yake, ni kitu cha kuagia.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jamii ya wafanyabiashara. Katika siku za Diwali, Wagujarati huleta vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na Ganesh, huvitia alama za heri, huviwekea maua na kuviangazia taa. Vitabu hivyo ni akiba kwa maandishi: nani anadaiwa kaniki, nani amekopa mafuta ya taa hadi mavuno. Watu wa Bariadi walimjua mwenye duka kwa daftari lake. Hawakujua kuwa mara moja kwa mwaka daftari lile liliwekwa chini ya vitu viwili visivyoandikika katika hesabu yoyote, ili mwenyewe akumbuke kuwa faida nayo si yake.

5. Kuzika kwa moto

Katikati ya miaka ya 1980, mwenye duka yule, ambaye familia yake ilikuwa imebaki baada ya wengine kuondoka, alifariki dunia. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuanza kufundisha, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mwili ulipelekwa Mwanza kwa lori kupitia Lamadi. Pamoja na wanawe alikwenda mzee mmoja wa Kisukuma aliyefanya kazi katika ghala lake kwa miaka zaidi ya ishirini. Aliporudi baada ya siku tatu, wazee walimngojea wakiwa na maswali, kwa maana habari zilikuwa zimetangulia kuwa mzee wa duka amechomwa. Watu walilisema neno hilo kwa sauti ya chini, kama watu wanaosimulia jambo la aibu lililompata mtu waliyemheshimu. Wengine walimhurumia kwamba ameanza moto wake hapahapa duniani.

"Mmemzika wapi?" aliulizwa.

"Tumemzika Mwanza."

"Lakini hao hawaziki," mmoja akamkatiza. "Si mmemchoma?"

Mzee wa ghala alikaa kimya kidogo, akasema: "Tumemzika kwa moto. Na asubuhi yake tumeokota maua yake."

Kisha akasimulia. Jioni ya maziko, mwana mkubwa, ambaye ndiye aliyewasha moto, alimwambia: "Mzee, kesho alfajiri njoo tuokote maua." Yeye alidhani ni maua ya makoja aliyovikwa marehemu, akaja na kikapu. Alikuta majivu yamemwagiwa maji yakapoa, na wana wakiwa wamechuchumaa, wakiokota mifupa midogo meupe, wakiiosha kwa maziwa na maji, na kuitia katika chungu kilichofungwa kitambaa. Aliambiwa achuchumae naye, akaokota. Chungu kilipelekwa ziwani.

Mwana yule hakuwa amekosea Kiswahili. Alikuwa ametafsiri neno kwa neno kutoka lugha ya mama yake. Kwa Kigujarati, na kwa Kihindi pia, mifupa inayobaki baada ya moto wa maziko huitwa phul, yaani maua, na tendo la kuikusanya huitwa kuokota au kuchuma maua. Lugha yetu husema moto huzaa jivu. Lugha yao, katika saa ngumu kuliko zote, husema moto huzaa ua. Hapo ishara mbili za hekaluni hurudi zikiwa zimegeuza nafasi: kule ua na mwali hutolewa na mtu, hapa mtu mwenyewe ndiye anayetolewa kwa mwali, na kinachobaki kwake hupewa jina la sadaka. Ndiyo maana katika Kisanskriti ibada ya maziko huitwa antyeshti, sadaka ya mwisho. Maua hayo, kama yale ya hekaluni, hayatupwi wala hayawekwi; hupelekwa kwenye maji. Maji ya ziwa letu yamewahi kupokea mengine ya namna hiyo: mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa katika chanzo cha Nile, Jinja, mahali ambapo maji ya Ziwa Viktoria, yakiwamo ya Mto Simiyu, huanza safari ya kwenda Misri.

Turudi kwenye sarufi. Mzee wa ghala alikuwa na vitenzi viwili mbele yake. Kuchoma kilikuwa cha kweli kwa macho lakini cha uongo kwa maana, kwa kuwa kingemweka rafiki yake pamoja na takataka na wezi. Kuzika peke yake kilikuwa cha heshima lakini hakikusema kilichotokea. Alichofanya ni kukichukua kitenzi cha heshima na kukipa kihusishi. Kiswahili kilimruhusu, kwani hata kabla yake baharia aliyefia safarini alisemwa kuwa amezikwa baharini, ingawa hakuna udongo wala kaburi huko. Kuzika, basi, si kufukia tu; ni kumkabidhi maiti kwa adabu pale anapostahili kukabidhiwa.

Yawezekana mtu akapinga kuwa usemi huu unaficha tofauti iliyo muhimu kwa Wahindu wenyewe, kwa sababu wao pia huzika ardhini: watoto wachanga kwa kawaida hawachomwi, na watawa wa aina fulani hufukiwa. Pingamizi hili linaimarisha hoja. Kwa kuwa zipo njia mbili, lugha inahitaji kitenzi kimoja cha jumla na vielezi viwili: kuzika kwa udongo na kuzika kwa moto. Kuchoma hakiwezi kufanya kazi hiyo, maana hakina upande wa pili wenye heshima sawa.

6. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kuwa moto na maua katika ibada ya Wahindu ni ishara za utoaji usiobakiza kitu, kuanzia utambi wa jioni hadi sadaka ya mwisho, na kuwa Kiswahili kinao uwezo wa kuyasema hayo bila kuazima neno hata moja. Kinachohitajika ni kusema wanaabudu kwa moto na wanazika kwa moto, na kuandika hivyo katika kamusi, katika vitabu vya shule na katika magazeti yanapotangaza vifo vya raia wenzetu wa imani hiyo. Katika nchi ambayo Wahindu ni wachache, maneno ya wengi ndiyo yanayoamua kama mfiwa atapewa pole au atashangaliwa.

Ipo pia kazi kwa wanafunzi wa shahada za juu. Tumekusanya maneno yaliyotoka India kuja kwetu kwa njia ya biashara: gari, bima, laki, gunia, hundi, chapati. Hatujakusanya vya kutosha semi zilizozaliwa ukutani mwa duka, katika vinywa vya madereva, wapishi, makarani na watu wa maghala wa Bariadi, Maswa, Shinyanga na Mwanza, ambao kwa miaka mingi walilazimika kueleza nyumbani mambo waliyoyaona kazini. Wao walikuwa wafasiri kabla yetu. Yule mzee wa ghala hayupo tena, na wenzake waliobaki ni wazee sana. Mwenye kinasa sauti na nauli ya basi hadi Bariadi asingoje msimu ujao.